Ukumbi wa Kaloleni na Kazi ya Kujitolea Katika Kuhifadhi Historia ya Eastlands

Neno makumbusho, kama tulitumiavyo katika Kiswahili cha leo, latokana na kitenzi kukumbusha, yaani kumfanya mtu akumbuke. Halitaji nyumba, wala kabati la vioo, wala kitu kilichowekwa ndani ya kabati hilo. Lataja tendo. Aliyeliunda alitazama kazi kwanza, ndipo akalitazama jengo inamofanyika kazi hiyo. Tukilifuata neno kwa maana yake ya asili, twaweza kusema kwamba mitaa ya Eastlands, mashariki ya jiji la Nairobi, imekuwa na makumbusho kwa muda mrefu, ingawa jumba la makumbusho la taifa lilijengwa upande mwingine wa jiji, juu ya kilima, mbali na macho ya wapangaji wa nyumba za baraza.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jengo moja la umma, nalo ni Ukumbi wa Kaloleni, lilivyobeba sehemu kubwa ya historia ya siasa za Kenya, na jinsi kumbukumbu ya mitaa iliyolizunguka ilivyotunzwa zaidi na watu wasiolipwa. Tutauliza pia swali ambalo wapenzi wa historia hupenda kulikwepa: je, kazi ya kujitolea yaweza kuhifadhi ugomvi? Maana historia ya Kaloleni ni historia ya watu waliogombana vikali juu ya nchi yao, na makumbusho yatakayouficha ugomvi huo yatakuwa yamekumbusha nusu tu.

Hapana budi tuanze na mitaa yenyewe. Mpaka miaka ya 1920 Waafrika wengi waliohamia Nairobi walikaa katika vijiji walivyojijengea wenyewe, miongoni mwavyo Pangani, Mombasa, Maskini na Kaburini. Majina hayo yatosha kutuonyesha ni lugha gani iliyokuwa ikisemwa humo. Pangani ni jina la mji wa kale ulio pwani ya Tanzania, Mombasa haihitaji maelezo, na Maskini na Kaburini ni majina ambayo hata mgeni aliyeshuka garini moshi siku ile ile angeweza kuyafahamu. Serikali ya kikoloni ilivibomoa vijiji hivyo kimoja baada ya kingine, na watu wake wakaelekezwa Pumwani, mtaa wa kwanza kupangwa rasmi kwa ajili ya Waafrika. Pangani ndiyo iliyodumu kuliko vyote. Ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakahamishiwa katika mtaa mpya uliojengwa na manispaa, nao ukaitwa Shauri Moyo. Huko walikotoka walikuwa na nyumba walizozijenga kwa mikono yao, bali huku walikoletwa nyumba zilikuwa za manispaa. Katika jina la Shauri Moyo, mtu akilisikiliza kwa makini, husikia sauti ya aliyeachiwa shauri asilolichagua.

Kariokor nayo yataka kusomwa hivyo hivyo. Ni namna ambavyo ndimi za Waafrika zililigeuza jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kikosi ambacho kiliwachukua watu zaidi ya laki moja kutoka Kenya peke yake, wengi wao kwa kulazimishwa, na ambacho maelfu yao hawakurudi kutoka Tanganyika. Dar es Salaam ina Kariakoo yake kwa sababu hiyo hiyo. Katikati ya jiji la Nairobi serikali ya kikoloni ilisimamisha sanamu za shaba za askari na mpagazi, pamoja na maandishi ambayo Kiswahili nacho kimo. Lakini naona jina la Kariokor, ambalo watu hulitamka kila siku waendapo sokoni kununua vyondo au kula nyama choma, limewakumbuka wapagazi kwa uaminifu zaidi kuliko shaba. Sanamu yahitaji kutunzwa. Jina hujitunza maadamu kuna mtu wa kulitamka.

Kumbi za mitaa zina asili yake pia, tena asili ambayo wasifiaji wa majengo ya kale hawaitaji mara nyingi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ilijitwalia haki ya pekee ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji katika mitaa ya Waafrika. Faida iliyopatikana iliwekwa katika mfuko maalumu, na mfuko huo ndio uliogharamia sehemu kubwa ya huduma za ustawi kwa Waafrika. Yaani mlevi wa Pumwani, pamoja na kodi aliyolipa na kazi aliyoifanya, alichangia pia viwanja na shughuli za starehe ambazo baadaye aliambiwa kuwa ni hisani ya wakubwa. Walipakodi wa Kizungu waliona kwamba mitaa ya Waafrika haipasi kuwa mzigo wao. Basi mtu asemapo kwamba majumba ya umma ya Eastlands ni zawadi ya ukoloni, yafaa aulizwe ni nani aliyeilipia zawadi hiyo.

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na miongoni mwa waliofanya kazi ya ujenzi walikuwa wafungwa wa vita wa Kiitalia. Ulikuwa ni mtaa wa namna mpya. Mitaa ya kabla yake ilikuwa safu za vyumba vya wanaume wasio na wake, kwa kuwa serikali ilimhesabu Mwafrika mjini kuwa mpita njia. Kaloleni ilikusudiwa watu wenye jamaa zao. Nyumba zake za mawe na vigae zilipangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, kwa kufuata mawazo ya Ebenezer Howard wa Uingereza juu ya miji ya bustani, na katikati pakawekwa ukumbi, maktaba, zahanati na maduka. Mpango mkuu wa jiji uliotolewa mwaka 1948 na Thornton White na wenzake ulizungumzia sana ujirani wa namna hii. Waliokaa humo walikuwa makarani, walimu, wafanyakazi wa reli na wa manispaa, watu waliosoma magazeti na kuandika barua. Ukiwaweka watu kama hao pamoja, ukawajengea ukumbi mlangoni pao, wakati ambapo nchi inachemka, usistaajabu kwamba ukumbi hautumiki kwa dansi na ndondi peke yake.

Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipewa hadhi ya jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza, na mtoto wa kifalme akaja kuileta. Vyama vya wafanyakazi, chini ya umoja wao ulioundwa tarehe 1 Mei 1949, viliwataka wafuasi wake wasishiriki sherehe hizo. Wiki tatu baadaye, Jumapili ya tarehe 23 Aprili, Kenya African Union na Congress ya Wahindi wa Afrika Mashariki waliitisha mkutano wa pamoja hapo Kaloleni. Walikuwamo Fred Kubai, rais wa umoja huo wa wafanyakazi, na Makhan Singh, katibu wake. Ndipo Makhan Singh aliposimama na kudai kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili na mamlaka yake kamili, wala si baada ya vizazi.

Leo maneno hayo hayamshtui mtu. Yafaa msomaji ajaribu kuyasikia kwa masikio ya mwaka 1950, wakati ambapo wanasiasa wengi, hata wale tuwahesabuo kuwa mashujaa, walikuwa bado wakiomba viti vichache zaidi katika baraza la kutunga sheria. Aliyesema alikuwa mwana wa mpiga chapa wa Kipunjabi, aliyeletwa Nairobi akiwa kijana mwaka 1927, na aliyewahi kutoa matangazo ya chama chake kwa lugha kadha wa kadha, Kiswahili kikiwa mojawapo. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa. Siku iliyofuata mgomo mkubwa ulianza Nairobi, ukaendelea kwa siku kama tisa. Makhan Singh alipelekwa mbele ya Jaji Thacker huko Nyeri, jaji yule yule ambaye baadaye alimhukumu Jomo Kenyatta na wenzake Kapenguria, naye akawekwa kizuizini katika sehemu za kaskazini hadi Oktoba 1961. Ni zaidi ya miaka kumi na moja.

Kwa shabaha ya makala haya, jambo la kutazamwa sana ni yale aliyoyafanya baada ya kutoka. Hakupewa cheo chochote kikubwa katika serikali ya uhuru. Aliketi na karatasi zake. Alikuwa mtu asiyetupa karatasi: matangazo, barua, kumbukumbu za mikutano, vyote alivihifadhi tangu miaka ya 1930. Kutokana navyo aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952, nayo ilichapishwa Nairobi mwaka 1969, miaka minne kabla ya kufa kwake. Karatasi zenyewe zikaingia katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Asingejitwika kazi hiyo, mkutano wa Kaloleni tungeujua kwa taarifa za polisi na magazeti ya walowezi. Kwa hiyo tukitafuta ni nani aliyekuwa mhifadhi wa kwanza wa kujitolea wa ukumbi ule, naona sifa hiyo ni yake, ijapokuwa mwenyewe hakujiita hivyo.

Sasa tuugeukie upande wa pili wa ugomvi, kwani upo, na uko karibu sana. Msafiri atokaye Kaloleni akaifuata Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Donholm kabla ya kupewa jina la alama ya chama kilichotawala, hupita katika mitaa iitwayo Mbotela na Ofafa: Ofafa Kunguni, Ofafa Maringo, Ofafa Jericho. Wakazi wengi hutaja majina hayo bila ya kufikiri kwamba ni majina ya watu, na kwamba watu hao waliuawa. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa Kenya African Union, mtu wa njia ya mazungumzo aliyepinga hadharani viapo na matumizi ya nguvu. Aliuawa Novemba 1952, wiki chache baada ya serikali kutangaza hali ya hatari. Ukoo wake ni ule wa Freretown karibu na Mombasa, wa watu waliokombolewa utumwani, ukoo ule ule uliowapa wasomaji wa Kiswahili kitabu cha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa jiji na mtu mashuhuri katika umoja wa Waluo; aliuawa mwaka 1953. Lawama za mauaji yote mawili ziliwekwa juu ya Mau Mau.

Baraza la jiji la wakati huo lilichagua kuwakumbuka hao, nalo lilikuwa na sababu zake za kisiasa. Kwa kuyaandika majina yao juu ya vibao vya mitaa, lilikuwa likiwaambia wapangaji Waafrika ni wa namna gani anayestahili kuenziwa. Uhuru ulipokuja, barabara nyingi za katikati ya jiji zilibadilishwa majina, lakini majina ya mitaa hii yakaachwa. Kati ya mitaa mikongwe ya baraza huko Eastlands hakuna uitwao Singh wala Kubai. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa aibu na kutaka majina yabadilishwe. Mimi siungi mkono rai hiyo. Mbotela hakuwa kibaraka wa kuchorwa kwa rangi moja. Alikuwa kiongozi wa chama kile kile kilichoitisha mkutano wa Kaloleni. Kumfuta ni kuifanya historia iwe nyepesi kuliko ilivyokuwa. Lakini kumwacha juu ya kibao bila neno lolote la maelezo, huku mtoto wa Mbotela akidhani jina la mtaa wake ni la mmea au la mto, hakuna faida kubwa zaidi.

Miaka minne na siku moja baada ya mkutano wa Kaloleni, tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya Uingereza na polisi waliuzingira mji mzima wa Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumbani na kazini wakachunguzwa mmoja mmoja, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa makambini. Jambo hili lina maana ya pekee kwa mtu atakaye kukusanya vitu vya makumbusho. Aliyechukuliwa asubuhi ile hakubeba sanduku lake. Vitabu vya chama, picha, stakabadhi za michango, gazeti lililofichwa chini ya godoro, vilibaki chumbani, na chumba kikapewa mpangaji mwingine. Na yule aliyenusurika alijifunza kwamba karatasi yaweza kumpeleka mtu kizuizini, akazichoma alizokuwa nazo. Ndiyo maana Eastlands yenye historia nzito kiasi hiki ina vitu vichache vya kushikika, na ndiyo maana masimulizi ya mdomo na majina ya mahali yamebeba mzigo ambao kwingineko hubebwa na makabati.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neno kujitolea. Makumbusho ya Nairobi yalizaliwa na watu wa kujitolea. Mwaka 1909 kundi la Wazungu wapenda wanyama na mimea, wakiwamo wamishonari, walowezi na maofisa, walianzisha chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, na mwaka uliofuata wakapata chumba cha kuwekea ndege, wadudu na majani waliyoyakusanya. Kutoka hapo yalitoka Makumbusho ya Coryndon, yaliyofunguliwa mwaka 1930, ambayo baada ya uhuru yaligeuka kuwa makumbusho ya taifa. Hata Louis Leakey, kabla ya kulipwa, aliyasimamia kwanza kwa cheo cha heshima tu. Mwaka 1971 kikaanzishwa chama cha marafiki wa makumbusho hayo, Kenya Museum Society, ambacho wanachama wake huwaongoza wageni, hukusanya fedha na kuandaa kila mwaka mafunzo juu ya nchi ya Kenya. Jengo la zamani la mkuu wa mkoa, lililojengwa mwaka 1913 na ambalo raia waliandikishia humo vizazi, ndoa na vifo, limekuwa nyumba ya maonyesho, na tangu 2013 mna humo mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais. Ni mfano mzuri wa jengo la utawala kugeuzwa kuwa mahali pa historia, kama vile Fort Jesus, iliyokuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, ilivyogeuzwa kule Mombasa.

Sisemi neno la kuwapunguzia heshima waliofanya kazi hizo. Lakini lugha yatutaka tuangalie. Kujitolea ni kutoa, nawe huwezi kutoa usichokuwa nacho. Mtu mwenye pensheni, au mke wa ofisa mwenye gari na alasiri tatu za wiki zisizo na kazi, hutoa wakati uliozidi. Mkazi wa Kaloleni au Shauri Moyo ambaye huishi kwa kibarua hutoa kitu kingine. Neno kibarua, tukumbuke, lilikuwa ni barua ndogo, karatasi iliyotiwa alama kila siku mtu alipomaliza kazi. Siku isiyotiwa alama haikulipwa. Kijana wa Eastlands anayewaongoza wanafunzi kuutazama ukumbi kwa nusu siku amekosa alama ya siku hiyo. Kwa hiyo huko kujitolea ni kulipa. Mipango mingi ya kuhifadhi mambo ya kale huvunjika katika mitaa kama hii kwa sababu waandaaji wameiga mfano wa watu wenye ziada wakautwika watu wasiokuwa nayo, kisha wakalalamika kwamba wakazi hawaipendi historia yao.

Kuna mfano mwingine, wa Kiafrika zaidi kwa mizizi yake. Tangu 1994 Sultan Somjee, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika makumbusho ya taifa, aliwasaidia wazee wa sehemu mbalimbali za Kenya kuanzisha makumbusho madogo ya amani, kila moja likitunzwa na watu wa jamii yenyewe kwa vitu na miti na maneno ambayo jamii hiyo hupatanishia wagomvi. Kule Lari, ambako usiku wa tarehe 26 Machi 1953 majirani waliuana, makumbusho ya namna hiyo yamewaleta pamoja wazao wa Mau Mau na wazao wa walinzi wa serikali. Hili ndilo jibu la swali letu la awali. Wasiolipwa wanaweza kuuhifadhi ugomvi, tena pengine kuliko walioajiriwa, kwa sababu wao ndio watakaoendelea kukaa na wagomvi baada ya maonyesho kufungwa. Lakini wanaweza ikiwa tu pande zote mbili zimo miongoni mwao.

Nairobi yenyewe haikulala. Mwaka 2013 kituo cha sanaa cha GoDown kilianza tamasha la Nai Ni Who, ambamo wakazi wa mitaa waliwatembeza wenzao wa mitaa mingine na kuwaeleza habari za kwao. Mwaka 2018 Wakenya na Waingereza wachache, bila mshahara, waliunda makumbusho ya ukoloni wa Waingereza yasiyo na jengo, wakazitafuta kambi za kizuizi za miaka ya 1950 na kuzichora upya kwa kompyuta. Na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na serikali ya kaunti kuikarabati Maktaba ya McMillan ya mwaka 1931 pamoja na matawi yake mawili ya Eastlands, yaani Makadara na Kaloleni. Maktaba ya Kaloleni imefunguliwa upya kwa watoto wa mtaa. Kwa maoni yangu huo ndio mwanzo ufaao, kwani ukumbi peke yake ni kuta, lakini ukumbi wenye maktaba jirani yake una mahali pa kuweka karatasi.

Mtu ataniuliza haraka ni ya nini. Haraka imo katika mipango ya jiji. Mitaa mikongwe ya baraza imekwisha kutajwa katika mipango ya ujenzi mpya, na ardhi yake, ambayo zamani ilionekana kuwa ya mbali, sasa ni ya karibu sana na katikati ya mji. Mwaka 2020 wapangaji wa nyumba za zamani za baraza huko Pangani waliondolewa ili majumba marefu yajengwe. Pangani tena. Sipingi watu kupata nyumba nzuri, na aliyekaa katika chumba kimoja pamoja na watoto watano hana wajibu wa kubaki humo ili kumpendeza mwanahistoria. Ila mtaa ubomolewapo, hubomoka pia mpangilio wa ujirani uliokuwa ukiyashikilia masimulizi: mzee anayejua nyumba fulani ilikuwa ya nani hupelekwa Kayole, mwenziwe Ruai, na hadithi iliyohitaji watu wawili ili ikamilike haikamiliki tena.

Sheria haikosekani. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 yaruhusu jengo la kihistoria kutangazwa kuwa la kuhifadhiwa. Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, imeyaweka makumbusho na maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, na katika fungu hilo hilo, mistari michache juu yake, umewekwa utoaji wa leseni za pombe. Msomaji aliyeisoma habari ya mfuko wa manispaa atatabasamu. Baada ya miaka mia, chupa na ukumbi vingali katika ukurasa mmoja.

Basi kazi ya kwanza ya waliojitolea kuutunza Ukumbi wa Kaloleni iwe ni daftari, kabla ya kununua rangi au kuchonga vibao. Kila kitu kinacholetwa, kadi ya kodi, kipande cha babu, jezi ya timu, picha ya arusi iliyopigwa mbele ya mlango wa ukumbi, kiandikwe: kimetoka kwa nani, lini, na aliyekileta alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe na kwa lugha aliyoitumia, iwe Kiswahili, Kijaluo, Kikuyu au Sheng. Nasisitiza lugha, maana Sheng imekulia katika viwanja hivi vya nyasi, na hadithi ya Eastlands iliyosanifishwa hupoteza nusu ya ushahidi wake. Daftari liwe na nakala mbili, moja ikae maktabani, ya pili mbali na Kaloleni, kwani jambo linalotunzwa na mtu mmoja wa kujitolea huondoka siku anayoondoka yeye. Na wanaoongoza wageni wapewe nauli na chakula cha mchana kutoka katika fedha za kaunti, bila ya kuitwa waajiriwa na bila ya kuonewa kuwa wamepoteza heshima ya kujitolea.

Vibao vitafuata. Cha kwanza hakitakuwa na shida: tarehe 23 Aprili 1950, na majina ya waliosema siku hiyo. Cha pili kitaleta mabishano katika kamati, tena makali, kwa sababu kitakuwa na jina la Tom Mbotela, na itabidi wajukuu wa pande mbili wakubaliane juu ya maneno yatakayofuata baada ya jina hilo, kisha mtu mmoja aketi ayaandike.